TRELA YA KUBEBEA PIKAPU: USIDANGANYWE NA RANGI

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Mpenzi msomaji, huenda ukauliza: mwanafunzi wa kidato cha tatu asiye na hata baiskeli ana haja gani na trela? Haja ipo. Sisi wa shule ya kutwa twatembea kando ya barabara asubuhi na jioni. Trela ikichomoka kwenye gari, haiulizi nani ana leseni na nani hana. Tena wengi wetu tuna baba, mjomba au jirani mwenye pikapu, na siku moja itaharibika mbali na nyumbani.

Pikapu ikizima njiani, watu hukimbilia kamba. Jambo hili ni la hatari. Injini ikiwa imezimwa, usukani wa magari mengi huwa mzito na breki huhitaji nguvu nyingi, kwa kuwa injini ndiyo inayovisaidia. Kamba nayo yaweza kukatika mlimani. Kuna pia kigari kidogo cha magurudumu mawili kinachoinua upande mmoja tu wa gari. Hicho nacho hakifai pikapu ambayo injini huendesha magurudumu yote manne, kwani yale yanayobaki chini yakizunguka bila mpango huweza kuharibu giaboksi. Njia iliyo bora ni kuipandisha pikapu nzima juu ya trela. Lakini ni trela gani?

KWANZA, UZITO

Usikisie uzito kwa macho. Tuchukue mfano. Pikapu kubwa tupu ina kilo 2,200. Ongeza mafuta, gurudumu la akiba na vyombo vya fundi, ifike kilo 2,400. Trela yenyewe, nayo si karatasi, ina kilo 800. Jumla ni kilo 3,200. Basi trela iwe imeundwa kustahimili kilo 3,500 au zaidi, na gari linalovuta liwe limeruhusiwa na watengenezaji wake kuvuta uzito huo. Land Cruiser pikapu, kwa mfano, huruhusiwa kuvuta kilo 3,500, trela ikiwa na breki zake.

Sasa mwenye pikapu aseme, "Aa, acha magunia ya mahindi humo nyuma, ni kumi tu!" Gunia moja ni kilo 90. Kumi ni kilo 900. Jumla yapanda hadi kilo 4,100, na hapo kila kitu kimezidiwa: trela, kiungo na gari. Yafaa magunia yateremshwe yatafutiwe gari lingine.

PILI, MZIGO UKAE WAPI

Hapa somo la fizikia latufaa. Umewahi kumtazama msukuma mkokoteni sokoni? Mzigo ukirundikwa nyuma ya magurudumu, mpini huinuka na kumwinua na yeye. Trela ni vivyo hivyo. Ekseli ndiyo egemeo. Uzito ukizidi nyuma, trela huinua kiungo cha gari, kisha huanza kuyumba kushoto na kulia, na kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo kuyumba kunavyozidi. Uzito ukizidi mno mbele, nyuma ya gari hulala na magurudumu yake ya mbele hukosa kushika lami sawasawa.

Kwa trela kubwa kama hii, yafaa kama sehemu moja ya kumi ya uzito ilalie kiungo. Kwa mfano wetu ni kilo 320. Pikapu tupu ina uzito zaidi mbele, penye injini. Kwa hivyo aghalabu hupandishwa ikitanguliza uso, kisha husogezwa mbele au nyuma kidogo hadi ikae sawa. Ndiyo maana sakafu ya trela isiwe fupi. Pikapu nyingi kubwa zina urefu wa zaidi ya mita 5, basi tafuta sakafu inayokupa nafasi ya kusogeza.

TATU, EKSELI NA MATAIRI

Chagua trela ya ekseli mbili. Moja ya tairi ikipasuka, zilizobaki huishikilia trela isianguke upande. Tukitoa zile kilo 320 za kiungo, zabaki kilo 2,880. Kila tairi kati ya nne hubeba kilo 720. Ubavuni mwa tairi kuna namba ya uzito: 100 maana yake ni kilo 800, na 104 ni kilo 900. Chukua ile ya 104, usitafute ya kutosha tu.

NNE, BREKI

Gari likisimama, trela isiyo na breki husukuma. Huko Uingereza trela isiyo na breki hairuhusiwi kuzidi kilo 750, na yetu ni zaidi ya mara nne ya hapo! Kumbuka pia kwamba nguvu ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 80, nguvu inayopaswa kuzimwa na breki hukaribia mara mbili. Anayeteremka Mai Mahiu, au Sachangwan kuelekea Salgaa ambako malori mengi yamepoteza breki, na aingie gia ndogo kabla ya mteremko, si katikati yake.

TANO, KUFUNGA

Mikanda minne, mmoja kila pembe, yenye nguvu inayolingana na mzigo. Pikapu iwekwe gia na breki ya mkono. Minyororo miwili ya usalama ipite chini ya kiungo ikiwa imepishana, ili kiungo kikiachana mpini usichimbe lami. Taa za nyuma na indiketa ziwake. Baada ya kilomita chache, simama ukaze mikanda tena, kwani hulegea.

Mafundi wetu wa Jua Kali huunda trela nzuri, nami nawapongeza. Hata hivyo, kabla ya kulipa, muulize fundi: ekseli imetoka wapi? Inabeba kilo ngapi? Breki ziko wapi? Akijibu kwa kusifu rangi, mshukuru uende zako. Rahisi ghali, ndugu msomaji, na ughali wenyewe huenda ukalipwa na mtoto wa shule anayejiendea kando ya barabara.