Kijana na Picha za Ngono: Walezi Tufanye Nini?

Shule nyingi za bweni nchini Tanzania zinakataza simu, na katazo hilo lina sababu nzuri. Hata hivyo, sisi tulio katika kazi ya malezi tunajua kwamba mwanafunzi anayefika getini mwezi Januari bila simu mfukoni bado ana likizo nzima kichwani. Amekaa na simu ya kaka yake, ameingizwa kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram, na pengine ametumiwa kile ambacho vijana wanakiita "koneksheni", yaani video ya ngono ya mtu iliyovujishwa. Mabegi tunayakagua pale getini. Hayo mengine hayakaguliki.

Umri wa kuanza ni mdogo kuliko wengi wetu tunavyodhani. Nchini Marekani, uchunguzi wa shirika la Common Sense Media uliotolewa Januari 2023 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana wa miaka 13 hadi 17 walikwisha kutazama picha za ngono, na wastani wa umri wa kuziona mara ya kwanza ulikuwa miaka 12. Zaidi ya nusu walisema walikutana nazo kwa bahati mbaya. Huko Uingereza, ripoti ya Kamishna wa Watoto ya mwezi huohuo ilitaja wastani wa miaka 13. Hizo ni nchi za wenzetu, ambako mtoto mara nyingi ana simu yake mwenyewe. Kwetu mtoto huazima ya mama, huchangia na binamu, au hutazama begani kwa mwenzake kijiweni; lakini kinachoonekana kwenye kioo ni kilekile. Mlezi anayengoja Kidato cha Tatu ndipo aanze kuzungumza amechelewa.

Zamani kazi hii ilikuwa na wenyewe. Palikuwa na jando na unyago, palikuwa na kungwi, somo, shangazi na bibi. Hatusemi kwamba yote yaliyofundishwa huko yalikuwa mema. Mengine Kanisa liliyakataa na lilikuwa na haki. Lakini kila kijana alikuwa na mtu mzima mwenye wajibu wa kumwambia ukweli kuhusu mwili wake, na mtu huyo alijulikana kwa jina. Leo shangazi yuko Mwanza, mpwa yuko Mbeya, mzazi anaona haya, mwalimu anaona hiyo ni kazi ya mzazi, na katekista anaogopa kulaumiwa. Nafasi ya kungwi haikubaki wazi. Imeshikwa na mfanyabiashara asiyemjua mtoto wala hajali kama atalala.

Na huyo anafundisha kweli. Anafundisha kwamba mwili wa mtu ni kitu cha kutumika, kwamba kukataa kwa mwanamke ni sehemu ya mchezo, kwamba kuumizwa kwake kunafurahisha. Ripoti hiyo ya Uingereza ilisema vijana 79 katika kila 100 walikuwa wamekutana na picha za ngono zenye ukatili kabla ya kutimiza miaka 18. Katika video hizo hakuna mazungumzo, hakuna ahadi, hakuna mimba, hakuna mtoto anayelia usiku, hakuna mume anayemuuguza mkewe. Walimu wanaona alama zake darasani: namna wavulana wanavyowataja wasichana, na namna wasichana wanavyouonea aibu mwili wao.

Hapa ndipo walezi wengi wa Kikatoliki tunapotakiwa kupima maneno yetu. Tukianza kwa kusema "uchafu, uchafu", kijana anasikia kwamba mwili wake ndio mchafu. Kanisa halisemi hivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2354, inaeleza kwamba ponografia inalitoa tendo la ndoa nje ya faragha ya wanandoa na kulionyesha kwa watu wengine, na kwamba inajeruhi hadhi ya wote wanaohusika: anayeigiza, anayeuza na anayetazama. Pingamizi letu basi linatokana na thamani ya mwili. Mtakatifu Yohane Paulo II alitumia katekesi zake za Jumatano tangu 1979 hadi 1984 kueleza hilo. Naye Papa Fransisko, katika Wosia wa Kitume Amoris laetitia wa mwaka 2016, namba 281, anataka vijana wasaidiwe kupambanua mbele ya mafuriko ya ponografia. Kupambanua hakufundishwi kwa kunyamaza.

Wala hakufundishwi kwa vitisho. Tumesikia semina za vijana ambamo msemaji anawaambia kwamba atakayetazama mara moja atakuwa tasa au atarukwa na akili. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne atakagua hilo mtandaoni siku hiyohiyo, na akishagundua uongo mmoja, ataitupa semina nzima. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linatambua hali ya mtu kushindwa kabisa kudhibiti mwenendo wake wa ngono hadi maisha yake yaharibike. Lakini kila kijana aliyetazama si mgonjwa. Wapo wanaotazama kwa udadisi, wapo kwa upweke, wapo kwa kufuata kundi. Kuwaita wote "waraibu" kunamkatisha tamaa yule ambaye angeweza kuacha wiki hii.

Tuje kwenye tukio lenyewe. Mwalimu wa zamu anaingia bwenini saa tano usiku na kukuta wavulana wanne chini ya blanketi moja na simu moja. Utaratibu wa kawaida unafahamika: simu inachukuliwa, viboko vinachapwa, mzazi anaitwa, kijana anasimamishwa wiki mbili. Sheria za shule ni lazima ziheshimiwe, na adhabu ina mahali pake. Ila tuangalie tunampeleka wapi. Tunampeleka nyumbani, peke yake, akiwa na aibu, wazazi wako kazini, na simu ipo. Kama ni lazima asimamishwe, aondoke akiwa amezungumza na mtu mzima mmoja anayemwamini, na mzazi aelezwe cha kufanya katika siku hizo kumi na nne.

Kabla ya adhabu yoyote, tuulize picha hizo zimetoka wapi. Kijana aliyetafuta mwenyewe ni jambo moja. Mtoto aliyetumiwa na mtu mzima ni jambo jingine kabisa: huyo anawindwa, na anayestahili kushtakiwa ni mtumaji. Na msichana ambaye picha yake mwenyewe inazunguka shuleni ni mhanga, hata kama aliipiga kwa hiari yake na kumtumia mvulana aliyemwamini. Kumfukuza ni kumwadhibu mara ya pili. Tena, mwalimu asiisambaze picha hiyo kwenye grupu la walimu au la wazazi "kama ushahidi". Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina kifungu cha pekee kuhusu picha za ngono za watoto, na mtoto kisheria ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Njia sahihi ni Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kupiga simu ya bure ya msaada kwa watoto, 116.

Katika kipindi cha dini au mkutano wa TYCS, tusiulize nani amewahi kutazama. Anayenyoosha mkono atajuta na wengine watadanganya. Sanduku la maswali yasiyo na majina linafaa zaidi, na maswali yake huwa ya kweli kuliko tunavyotarajia. Tutumie maneno sahihi ya Kiswahili kwa viungo na kwa balehe, bila utani. Tusieleze video zilivyo, maana wapo ambao hawajaona. Swali moja ambalo huamsha darasa ni la biashara: nani anapata fedha hapa, na nani amelazimishwa? Vijana hawapendi kupigwa. Wakiona kwamba muda wao na bando lao ndivyo vinavyouzwa, wanaanza kuhoji wenyewe.

Kwa seminari ndogo kuna angalizo la pekee. Kanuni ya 985 ya Sheria za Kanisa inamzuia gombera wa seminari, au mkuu wa taasisi nyingine ya malezi, kuungamisha wanafunzi wanaoishi naye nyumba moja, isipokuwa wao wenyewe waombe kwa hiari katika nafasi mahususi. Hekima yake ni wazi. Kijana lazima ajue kwamba alichomwambia padre muungamishi au mlezi wa kiroho hakitatokea kwenye kikao cha tathmini. Akishaona dalili kwamba habari zinavuja, atafunga mdomo hadi siku ya upadrisho na baada yake, na Kanisa litabeba matokeo.

Mtakatifu Yohane Bosco aliwataka walezi wawe katikati ya vijana, uwanjani na mezani, kuliko kuwavizia. Huko ndiko kijana anakopata ujasiri wa kusema. Siku moja mwezi Februari atakuja mmoja na kukiri kwamba likizoni alirudia. Hapo mahubiri marefu hayasaidii. Tumwulize ilikuwa saa ngapi, alikuwa chumba gani, nini kilimwudhi siku hiyo, na simu ilikuwa ya nani. Kisha tupange naye likizo ya Juni: simu ilale sebuleni saa tatu, jioni aende mazoezi ya kwaya, na namba ya mtu mmoja atakayempigia iandikwe kwenye karatasi kabla shule haijafungwa.