Kifaa cha sauti cha USB: Dawa ya mikwaruzo, si ya kila kasoro

WATUMIAJI wengi wa kompyuta mpakato huridhika na sauti ya kompyuta hizo hadi siku wanapovaa hedifoni nzuri katika chumba kilicho kimya. Hapo ndipo huanza kusikia mvumo mwembamba nyuma ya muziki, mikwaruzo inayozidi kila kipanya kinaposogezwa, au sauti hafifu hata baada ya kuongezwa hadi mwisho.

Kwa malalamiko yote hayo, jibu linalotolewa mara nyingi madukani ni moja: kununua kifaa cha sauti cha nje, kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Jibu hilo ni sahihi kwa baadhi ya matatizo tu. Mnunuzi asiyejua tofauti anaweza kutumia fedha nyingi na kubaki na kasoro ileile.

Muziki uliohifadhiwa ndani ya kompyuta si sauti, bali ni tarakimu. Katika CD, zilizoingia sokoni mwaka 1982, kila sekunde ya sauti huandikwa kwa vipimo 44,100 kwa upande wa kushoto na idadi kama hiyo kwa upande wa kulia. Hedifoni za waya hazisomi tarakimu; huhitaji umeme unaopanda na kushuka kwa kufuata wimbi la sauti. Chombo kinachozigeuza tarakimu kuwa umeme huo ni kigeuzi, ambacho sokoni hujulikana kwa herufi DAC.

Kila kompyuta mpakato yenye tundu la hedifoni tayari ina kigeuzi chake. Tatizo ni ujirani. Kigeuzi hicho hukaa ndani ya sanduku moja na prosesa, feni na antena za intaneti, vyombo ambavyo mikondo yake ya umeme hubadilika wakati wote. Saketi ya sauti isipokingwa vyema, mabadiliko hayo hupenya na kusikika kama mvumo au mikwaruzo.

Kifaa cha nje huihamisha kazi hiyo nje ya sanduku. Tarakimu hupita kwenye waya wa USB bila kubadilika, na kugeuzwa kuwa umeme wa sauti mbali na vurugu hizo. Hata hivyo, vifaa vingi vya aina hiyo hutumia umeme wa kompyuta ileile, hivyo vilivyotengenezwa hovyo huweza kupokea sehemu ya kelele kupitia waya huo.

Kazi ya pili ya kifaa hicho ni kuongeza nguvu. Hedifoni ndogo za kawaida huwa na ukinzani wa omu 16 hadi 32, na huendeshwa kwa urahisi na kompyuta au simu. Zipo nyingine, hususan za studio, zenye ukinzani mkubwa zaidi: Sennheiser HD 600, kwa mfano, ina omu 300. Hedifoni za namna hiyo huhitaji volti nyingi zaidi, na ndizo zinazonufaika na amplifaya iliyomo ndani ya kifaa cha nje.

Kabla ya kufungua pochi, majaribio mawili yasiyo na gharama yanafaa. La kwanza ni kuchomoa chaja na kusikiliza kwa umeme wa betri. Mvumo ukitoweka, chanzo kinaelekea kuwa chaja au umeme wa ukutani, na huenda chaja nyingine ikatosha. La pili ni kuzijaribu hedifoni zilezile, kwa wimbo uleule, katika chombo kingine. Kasoro ikizifuata huko, kompyuta haina hatia. Tatizo limo katika hedifoni au katika wimbo wenyewe.

Wimbo uliobanwa kupita kiasi ili uchukue nafasi ndogo hauwezi kurudishiwa kilichokatwa, hata kwa kigeuzi cha bei kubwa. Aidha, wenye hedifoni za Bluetooth hawana haja ya kifaa hiki, kwa kuwa hedifoni hizo zina kigeuzi na amplifaya ndani yake.

Mnunuzi ajihadhari pia na tarakimu kubwa zinazoandikwa kwenye maboksi, kama 192,000 au zaidi. Vipimo 44,100 kwa sekunde vinatosha kubeba sauti hadi karibu hezi 22,000, ilhali sikio la binadamu lenye afya huishia takriban hezi 20,000.

Kukitumia si kazi ngumu. Vifaa vingi havihitaji programu ya ziada: huchomekwa, kisha mtumiaji hukichagua katika mipangilio ya sauti ya kompyuta. Sauti ipunguzwe kabisa kabla ya kuvaa hedifoni, kisha iongezwe polepole.

Tahadhari hiyo ina sababu. Kompyuta yenye nguvu ndogo hukwaruza inapozidiwa, na mikwaruzo hiyo humfanya msikilizaji apunguze sauti. Kifaa cha nje huiondoa breki hiyo: sauti hubaki safi hata inapofikia kiwango cha kudhuru.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa mtu anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, lakini kwa desibeli 90 muda huo hushuka hadi saa nne tu. Seli za sikio la ndani zinazopokea sauti, zikishakufa, hazichipui tena. Kwa anayenunua kifaa hiki ili asikilize kutwa nzima akiwa kazini, faida iliyo salama ni kusikia vizuri zaidi kwa sauti ya chini.