Lebo za Usalama katika Linux (4): Kubadilisha Lebo ya Faili

Katika SELinux, kinga iliyomo ndani ya kerneli ya Linux, kila faili ina lebo ya usalama. Kerneli huisoma lebo hiyo, huilinganisha na sera, kisha huamua programu ipi iruhusiwe kuigusa faili. Mwezi Februari 2025 openSUSE Tumbleweed, toleo mojawapo la Linux, iliifanya SELinux kinga ya kawaida kwa wanaoisakinisha upya, badala ya kinga nyingine iitwayo AppArmor, hivyo elimu ya kubadilisha lebo inahitajika zaidi sasa.

Chimbuko la lebo ni siri za kijeshi. Mwaka 1973, David Bell na Leonard LaPadula wa shirika la MITRE, Marekani, walianza kuzieleza kihisabati kanuni za nyaraka za siri: mwenye kibali cha chini asisome ya juu, na wa juu asiandike chini. Mwaka 1983 Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo ilitoa vigezo vya kupima usalama wa kompyuta, katika kitabu maarufu kwa jalada lake la rangi ya chungwa. Ngazi hizo za siri, hata hivyo, ziliyafaa majeshi kuliko raia. Ndipo mradi wa Flask, uliohusisha Chuo Kikuu cha Utah na shirika la ujasusi la NSA, ukaitenga sera na chombo kinachoitekeleza. Desemba 2000 NSA iliitoa SELinux hadharani, pamoja na msimbo wake. Mwaka 2003 ikaingia katika kerneli ya Linux, na tangu Android 5.0 ya mwaka 2014 inatekelezwa kikamilifu katika simu za mfumo huo. Kinga ya wachache ikawa mali ya wote, tena bure. Urithi wa namna hiyo hautupwi kwa uvivu.

Amri ya ls -Z huonyesha lebo. Kurasa za tovuti zikiwekwa katika saraka mpya ya /tovuti, hupata lebo yenye aina ya default_t, na seva ya tovuti ya Apache hukataliwa kuzisoma hata kama ruhusa za kawaida ziko wazi. Amri ya chcon hubadilisha lebo papo hapo, lakini restorecon ikipita huirudisha ya awali. Badiliko la kudumu huandikwa kwanza katika sera, kisha restorecon huliweka kwenye faili:

semanage fcontext -a -t httpd_sys_content_t "/tovuti(/.*)?"
restorecon -Rv /tovuti

Wapo wasimamizi wanaokimbilia setenforce 0 mara tu tovuti inapokataa kufunguka. Amri hiyo huiacha SELinux ikiandika makosa bila kuyazuia, katika seva nzima. Lebo ikikosewa, inayorekebishwa ni lebo. Kinga ibaki kazini.