Gitaa Moja, Sauti Nyingi: Usanifu wa Besi ya Umeme

Katika benga, muziki ambao rekodi zake nyingi zilitoka River Road jijini Nairobi tangu miaka ya 1970, besi haifuati wimbo tu bali huusukuma. Mpigaji wa benga katikati ya jiji huenda akahitajika Jumapili kanisani Kawangware au Kangemi, ambako besi hutakiwa kuwa nene na tulivu chini ya kwaya. Makala haya yanaeleza jinsi gitaa moja linavyoweza kusanifiwa likidhi haja zote mbili, na nafasi ya istilahi katika kazi hiyo.

Msingi wa sauti ni kinasa, yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi wa chuma unapotetema juu yake, uga wa sumaku hubadilika na umeme mdogo huzalika katika waya. Kinasa kilicho karibu na shingo hutoa sauti nene. Kilicho karibu na daraja hutoa sauti kavu inayosikika wazi. Mwenye kutaka sauti zote mbili hana budi kuagiza vinasa viwili.

Hata hivyo, kinasa chenye koili moja hunasa pia mvumo wa umeme wa nyumbani. Umeme wa Kenya huzunguka mara 50 kwa sekunde, ilhali noti ya G ya chini katika besi hutetema mara 49. Mvumo na noti hukaribiana mno hivi kwamba kuuchuja mmoja ni kuijeruhi nyingine. Dawa yake ni koili mbili zilizozungushwa kinyume, kila moja na ncha yake ya sumaku. Mvumo hujifuta, na sauti ya nyuzi hujumlishwa.

Koili hizo zikiungwa kwa mfuatano, sauti huwa kubwa na nzito, nayo huifaa kwaya. Zikiungwa sambamba, hupungua nguvu lakini hung’aa, nayo huifaa benga. Swichi moja ndogo kwa kila kinasa hutosha kuchagua. Ikitumiwa koili moja peke yake, mvumo hurudi.

Wengine huongeza saketi ya betri ya volti 9 ili kukuza besi au sauti za juu. Ni jambo jema, mradi pawe na swichi ya kuikwepa saketi hiyo. Betri ikiisha katikati ya wimbo, gitaa lisinyamaze.

Mteja anayemwambia fundi, “Nataka sauti tamu,” hajampa kipimo chochote. Anayesema, “Kinasa cha daraja, koili mbili, swichi ya mfuatano na sambamba,” amemwachia kazi inayoweza kutekelezwa na kukaguliwa. Hapo ndipo istilahi ya Kiswahili inapoacha kuwa pambo la kamusi na kuwa chombo cha kazi, na mwanafunzi wa lugha ana wajibu wa kuifikisha karakanani.