Mhandisi wa Tishu na Kiunzi Chake

Molly Shoichet wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, ni mhandisi, lakini hajengi madaraja. Alipata udaktari wake katika sayansi ya polima huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1992, na tangu 1995 yupo Toronto, akitengeneza vitu vya kubebea dawa na chembe hai ili tishu iliyoharibika ipate kujijenga upya.

Dutu yake moja ni mchanganyiko wa hayaluronani, ambayo imo miilini mwetu, na methiliselulosi, itokanayo na mimea. Samli huganda kwa baridi. Methiliselulosi huganda kwa joto. Hayaluronani nayo hulegea ikisukumwa. Basi mchanganyiko hupita katika sindano nyembamba, kisha hutulia penye uti wa mgongo na kuachilia dawa polepole. (Lugha yetu ya kila siku haitengi mfupa huo na mishipa ya fahamu iliyo ndani yake, hapa nakusudia mishipa.) Kitu kama hiki kinapobeba chembe, mfasiri aweza kukiita jukwaa. Mimi naona kiunzi chafaa zaidi: jukwaa hukanyagwa, bali kiunzi hushikilia umbo mpaka tishu ijijenge.

Mwaka 2015 alishiriki kuanzisha Research2Reality, ya kuwaeleza watu wote kazi za watafiti. Novemba 2017 akateuliwa Mwanasayansi Mkuu wa kwanza wa jimbo la Ontario, aishauri serikali. Serikali ilipobadilika, Julai 2018, aliondolewa. Hata mwaka haukutimia. Alirudia kiunzi chake.