Mbona msee wa klasi yenu anakuelewesha haraka kuliko lec? Cheki hii story ya lori na Probox

Kama umeshuka kutoka Mghange ukaingia Taita Taveta University hapo Voi, unajua mzigo umebeba. Mboga ziliuzwa, harambee ikaitishwa, na huko juu milimani watu wanangoja kusikia umefika wapi. Ukipewa mtihani wa kurudia, aibu ni ya ukoo mzima. Sasa lec anaongea masaa mawili, unatoka na noti safi na kichwa tupu. Jioni hosteli, msee wa klasi yenu anakueleza kitu ile ile dakika kumi, unashika.

Lec anajua sana, na hapo ndipo shida iko. Alielewa hiyo topiki miaka kibao iliyopita, amesahau ilimsumbua wapi. Msee wako ameielewa juzi. Bado anakumbuka kona aliyokwama.

Aliyeshtukia hii mambo ni Eric Mazur, profesa wa fizikia pale Harvard, Marekani. Wanafunzi wake walikuwa wanapiga hesabu ngumu fiti kabisa, lakini swali rahisi linawaangusha. Mfano: lori la mizigo limegongana na Probox hapo Maungu. Gani imesukuma mwenzake kwa nguvu zaidi?

Umesema lori? Zii. Nguvu ni sawa pande zote mbili, sheria ya tatu ya Newton. Probox inaumia zaidi juu ni nyepesi. Hao wasee walikuwa wameikremu hiyo sheria neno kwa neno, na bado wakasema lori.

Mazur alipoeleza swali kama hilo mara mbili na klasi ikabaki imeduwaa, aliwaambia waongee wao kwa wao. Kelele ikajaa, na baada ya dakika chache walikuwa wameelewa. Kuanzia 1991 akafanya hiyo ndiyo njia yake ya kufundisha. Swali linatolewa, kila mtu anafikiria kimya, anapiga kura, halafu anatafuta jirani mwenye jibu tofauti wabishane. Kisha kura tena. Wakipata wachache sana mara ya kwanza, lec anarudi kueleza. Wakipata karibu wote, anasonga mbele.

Na usidhani lazima kundi liwe na genius. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado uliotoka kwa jarida la Science 2009 ulionyesha wanafunzi walielewa zaidi baada ya kujadiliana, hata pale hakuna mmoja wao alikuwa na jibu sahihi mwanzoni. Kubishana kwenyewe kunafungua kichwa.

Hapo ndio makundi yetu mengi yanapotea. Mmoja anaongea, watano wanatikisa kichwa, mwingine yuko TikTok. Hiyo ni lecture tu, tofauti ni kwamba anayefundisha hana digrii.

Lec naye ana faida. Akizunguka akisikiliza mabishano, anasikia makosa yenyewe, kitu ambacho "mmeelewa?" haiwezi kumpa, juu sote tunajua klasi hujibu nini.

Kama lec wako hajaanza, chukueni pasti pepa leo jioni. Kila mtu aandike jibu lake kwa karatasi kabla mdomo wowote haujafunguka, halafu wenye majibu tofauti wakae pamoja. Yule bingwa wenu aongee wa mwisho.