JE, MAWE HUTOA OKSIJENI?

Sote tulifundishwa katika biolojia kwamba oksijeni hutengenezwa na mimea kwa nguvu za jua. Nami niliandika hivyo daftarini, nikapata alama zangu, nikatulia. Lo! Kumbe kuna mawe baharini yanayotaka kulibishia daftari langu.

Mawe yenyewe yako kwenye sakafu ya Bahari ya Pasifiki, katika eneo la Clarion-Clipperton, kati ya Hawaii na Meksiko. Yametapakaa huko mithili ya viazi vilivyomwagika shambani. Ndani yake mna manganisi, nikeli, kobalti na shaba, na kila jiwe hukua milimita chache tu kwa miaka milioni. Kina ni kama meta 4,000, giza totoro.

Mwaka wa 2013 mwanasayansi Andrew Sweetman alikuwa akiteremsha huko masanduku yanayofunika kipande cha sakafu, ili apime oksijeni inavyotumiwa na viumbe. Alitazamia ipungue. Wapi! Ikaongezeka. Akadhani vipimaji vimeharibika, akavirudisha kwa waliovitengeneza. Miaka ikapita, mambo yakawa yale yale. Alipopima kwa njia nyingine, jibu halikubadilika. Ndipo Julai 2024 yeye na wenzake wakatangaza habari hiyo katika jarida la Nature Geoscience.

Sasa jiwe hutoaje hewa? Wao wasema kila jiwe ni kama betri. Juu ya baadhi ya mawe walipima umeme wa hadi volti 0.95. Kupasua maji ya bahari kupata oksijeni huhitaji kama volti 1.5, kwa hiyo wanadhani mawe yaliyogusana husaidiana, kama vile betri za tochi tunavyozipanga moja nyuma ya nyingine.

Si wote walioafiki. Wengine wasema huenda ni hewa iliyonaswa tu ndani ya masanduku. The Metals Company, kampuni iliyogharamia sehemu ya utafiti na inayotaka kuyachimba mawe hayo, imeyapinga matokeo. Mimi sishangai, maana nikeli na kobalti ni mali, zatakikana kwa betri za magari. Lakini ikiwa Sweetman amesema kweli, viumbe wa huko watapumua nini mawe yakichotwa? Mwaka wa 1979 mashine ya majaribio ilipita kwenye sakafu hiyo. Watafiti waliporudi mwaka wa 2023, walikuta njia yake ingali yaonekana.